Mamlaka Yasiyo na Jina

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja nilikofundisha, faili la alama za mitihani lilifutwa usiku kwenye seva. Niliteuliwa katika kamati ya uchunguzi. Tulipofungua kumbukumbu za mfumo tulikuta jina moja tu: root, yaani mtumiaji mkuu asiyezuiwa na ruhusa yoyote. Watu wanne walijua nywila yake, na wote walikana. Aliyeachishwa kazi ni fundi kijana wa mkataba. Hapakuwa na ushahidi dhidi yake. Hakuwa na wa kumtetea tu. Nami nilitia saini ripoti ile.

Ndipo nilipoanza kujifunza usimamizi wa seva. Unix, mfumo ulioanzia katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, humwamini mno mwenye mamlaka. Root akiandika rm -rf, saraka nzima hutoweka bila swali, wala hakuna kapu la taka la kufukua. Kwa hiyo suala la kwanza si ustadi wa fundi, bali ni nani anayetenda na kwa jina gani.

Hatua zenyewe si ngumu. Kila fundi awe na akaunti yake. Katika mipangilio ya ssh, PermitRootLogin iwekwe no, ili asiwepo anayeingia kutoka mbali kama root. Anayehitaji mamlaka atumie sudo: itamwomba nywila yake mwenyewe, kisha itaandika jina lake, saa na amri aliyoitoa. Amri ya last huonyesha nani aliingia na lini; sudo -l humwonyesha kila mmoja mipaka yake. Laiti kila ofisi ya umma ingekuwa na amri kama hiyo!

Hata hivyo tusijidanganye. Aliyepewa sudo bila mipaka aweza kuandika sudo -i, akaendelea kama root, na amri zake zinazofuata zisiandikwe. Aweza pia kufuta kumbukumbu zenyewe. Ndiyo maana ruhusa zipangwe kwa visudo, kila mtu apewe amri za kazi yake tu, na kumbukumbu zitumwe papo hapo kwenye mashine nyingine asiyoisimamia yeye. Mtendaji hapaswi kuwa mtunza daftari la matendo yake.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mamlaka nayo ni vivyo hivyo, iwe ya seva, ya muhuri au ya hazina. Nywila ya pamoja humlinda mkubwa na kumwangamiza mdogo.

Alama tulizirudisha kutoka kwenye karatasi za mitihani, kwa majuma matatu ya kazi. Jina la kijana yule hatukulirudisha. Ewe mtumishi wa umma usomaye haya, kesho uliza ofisini kwako: nywila ya root wanaijua wangapi?