Upande wa Mlima Elgon Usiokanyagwa na Wengi

Mtu asimamaye Kitale asubuhi na mapema akaelekeza uso wake magharibi huuona Mlima Elgon wote, kuanzia mashamba ya mahindi ya Endebess hata majabali ya juu. Mtu asimamaye Bungoma huuona mlima uo huo upande wa kaskazini, lakini kwa sura nyingine: migongo mirefu yenye miti, na vijiji vya Wabukusu na Wasabaot vikipanda taratibu mpaka vikaufikia msitu. Mlima ni mmoja, na njia za kuupanda ni nyingi. Hata hivyo wageni walio wengi huingia kwa lango moja, huenda kwenye pango moja, hurudi saa zile zile, kisha husimulia makwao ya kwamba mlima umejaa watu.

Maneno hayo yana ukweli kwa siku chache za mwaka. Wakati wa Krismasi, wakati wa Pasaka na katika likizo za shule, mabasi husimama karibu na pango la Kitum, na sauti za watoto hujaa ndani mpaka popo huruka ovyo. Lakini Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotengwa na Serikali ya Kenya mwaka 1968, ina eneo la kilomita za mraba 169, na hiyo ni sehemu ndogo tu ya mlima mzima. Basi asemaye kwamba hakupata mahali pa kukaa kimya, yafaa aulizwe alikwenda saa ngapi, na alisimamia wapi.

Shida kama hiyo yajulikana sana katika nchi za theluji. Kwenye milima ya Alps, huko Chamonix au Zermatt, maelfu ya watu hukusanyika wakati wa baridi ili wateremke juu ya theluji kwa mbao nyembamba zilizofungwa miguuni. Hupandishwa kwa viti vinavyovutwa na waya. Kitu wanachokitamani kuliko vyote ni theluji mpya, laini kama unga wa mahindi uliochekechwa, ambayo haijapitiwa na mtu. Theluji hiyo haidumu. Ikianguka usiku, ifikapo saa nne ya asubuhi miteremko iliyo karibu na viti imekwisha kukanyagwa na kuwa migumu kama barabara. Wenye ujuzi hawalalamiki. Huamka kabla ya wengine ili wapande na kiti cha kwanza. Huchagua mteremko ulioelekea kaskazini, ambao katika nchi hizo haupigwi sana na jua. Na mahali waya unapokwisha, wao hawakomi, bali hutembea kwa miguu saa moja zaidi. Tena hawaendi huko ovyo, maana penye theluji isiyokanyagwa ndipo penye hatari ya maporomoko, na kila mwaka watu hufukiwa wakafa. Huenda pamoja na mwenyeji aujuaye mlima.

Mchezo huo si mgeni kabisa kwa watu wa Bonde la Ufa. Mwaka 1998 Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret, aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alikuwa amejifunza Finland kwa miaka miwili tu. Alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, wa 92, na mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Elgon hauna theluji ya kuteleza juu yake. Zamani sana barafu ililala kileleni, nayo ndiyo iliyochimba mabonde ya duara na vijiziwa vya maji baridi vilivyoko juu mpaka leo. Lakini barafu hiyo imekwisha. Siku hizi theluji huanguka mara chache, na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Ikianguka usiku, majabali huonekana meupe alfajiri. Atakaye kuuona weupe huo hana budi kuwa juu kabla ya saa mbili ya asubuhi, tena asimame upande wa magharibi wa jabali, ambako jua hukawia kufika. Anayetoka Kitale saa tatu baada ya kunywa chai atakuta mawe yaliyolowa tu.

Kwa hiyo ustadi wa wale wa Alps, yaani kuchagua saa, kuchagua upande wa mlima, na kwenda mbele kidogo ya pale wenzako wanapokomea, ndio ustadi unaofaa Elgon pia.

Tuseme kwanza habari ya saa. Asubuhi mlima huwa wazi. Kuanzia adhuhuri mawingu hupanda kutoka mabondeni, na alasiri ukungu hufunika kila kitu, mara nyingi pamoja na radi. Miezi iliyo mikavu ni Desemba, Januari na Februari, na wageni hulijua jambo hilo. Lakini hata katika miezi hiyo, siku ya Jumanne isiyo ya likizo mtu aweza kutembea katika msitu wa Chorlim asikutane na mwingine ila mbega weusi wenye mabega meupe, na nyati ambao afadhali asikutane nao. Lango la Chorlim halifiki kilomita 30 kutoka Kitale. Mwenye kulala hapo karibu huingia linapofunguliwa. Mwenye kulala mjini hufika pamoja na kundi.

Na mapango je? Kitum limepata sifa kwa sababu ya ndovu. Pango hilo limeingia mlimani karibu meta 200, na kwa vizazi vingi ndovu wameingia humo usiku, katika giza, wakachimba kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1883, alipoyaona mapango ya Elgon alidhani yamechimbwa na watu wa kale waliotafuta vito. Ndovu hakuwafikiria. Ujangili umewapunguza sana, na ni bahati kuwaona siku hizi. Lakini alama za pembe zao zingali ukutani, na hizo hazina haraka. Anayekuta Kitum pana watu aende Makingeny, ambako maji huanguka mbele ya mlango wa pango kama pazia, au Chepnyalil, au Ngwarisha. Jambo moja la kuangaliwa: mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni wawili waliokuwa wamelitembelea Kitum walishikwa na ugonjwa wa Marburg wakafa, na wataalamu wamekwisha kuthibitisha ya kuwa popo walao matunda huchukua virusi vya ugonjwa huo. Asiyekuwa na kazi ndani ya pango asishikeshike mavi ya popo wala asikae humo muda mrefu. Mlangoni panatosha kwa kuona.

Mapango ni ya chini. Walio wengi huishia hapo, na mahali wanapoishia ndipo mlima uanzapo. Barabara ya hifadhi hupanda katika miti mikubwa ya podo, kisha katika mianzi, kisha hutokea mahali pa wazi penye majani magumu na miti ya ajabu iitwayo senecio, ambayo husimama kama watu waliovaa makoti mazito, na lobelia zilizochongoka kama mikuki. Gari likiachwa, mtu huenda kwa miguu saa chache mpaka Koitoboss, jabali lililokatwa juu kama meza, lenye urefu wa meta 4,222 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo huonekana kasoko yote, kilomita kadhaa kutoka ukingo mpaka ukingo, na ng'ambo yake kilele cha Wagagai, meta 4,321, ambacho kimo Uganda. Mto Suam hutoka ndani ya kasoko kwa kupasua ukingo wake, na penye pengo hilo pana chemchemi za maji moto. Wazungu wa kwanza waliovuka mlima huu kupita katika kasoko, Frederick Jackson na Ernest Gedge, walifanya hivyo mwaka 1890. Mpaka wa nchi mbili umepita humo humo wala hauna ukuta. Kwa sababu hiyo msafiri asiyeongozana na askari wa wanyama asishuke.

Yote hayo ni upande wa Kitale. Upande wa Bungoma watu ni wachache zaidi, na uchache huo una sababu zake.

Njia ya zamani ilitoka Kimilili, ikapita Kapsokwony na msitu wa Kaberua, ikatokea katika nyanda za juu za Chepkitale, kisha ikaelekea vijiziwa na kilele cha Sudek kilichoko mpakani, chenye urefu wa kama meta 4,300. Wapandaji wengi waliisifu kuwa ndiyo njia nzuri kupita zote. Kati ya mwaka 2006 na 2008 ugomvi wa mashamba, uliokuwa umechacha tangu mpango wa kuwagawia watu ardhi huko Chebyuk ulioanza mwaka 1971, uligeuka vita. Kikundi kilichojiita Jeshi la Kulinda Ardhi la Wasabaot kiliua na kukata watu masikio. Mwezi wa Machi mwaka 2008 Serikali ilipeleka jeshi, na wanaume wengi walikamatwa na kuteswa. Mamia walikufa na makumi ya maelfu walihama. Wapandaji wakaisahau njia ya Kimilili. Amani imerudi zamani, lakini sifa ya mahali hurudi polepole kuliko amani. Mgeni anayefurahia ukimya wa njia ile yampasa ajue kwamba sehemu ya ukimya huo ilinunuliwa kwa bei hiyo, na wala si yeye aliyeilipa.

Tena Chepkitale si mahali patupu. Ndiko nyumbani kwa Waogiek wa Mlima Elgon, wafugaji wa ng'ombe na warina asali, ambao walikuwako kabla ya ramani yoyote. Mwaka 2000 nyanda hizo zilitangazwa kuwa hifadhi, na wenyewe wakahesabiwa kuwa wavamizi. Nyumba zao zilichomwa mara kadhaa, na kila mara walirudi. Wakaziandika sheria zao za asili, zilizokuwa zikisemwa kwa mdomo tu, na mojawapo yakataza kuchoma makaa. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Bungoma ilitamka ya kuwa ardhi ya Chepkitale ni mali ya jamii hiyo.

Hukumu hiyo yafaa ifahamike kwa kila mtu apendaye milima, maana vitabu vingi vya wasafiri vimezoea kusema juu ya pori lisilo na mtu. Yule wa Alps anayetafuta theluji isiyokanyagwa hamdhulumu mtu kwa kuweka alama ya kwanza juu yake. Katika Elgon, mahali panapoonekana kwamba hapajakanyagwa pamekanyagwa na ng'ombe asubuhi ile ile, na mizinga ya nyuki imetundikwa msituni na mtu ajulikanaye kwa jina. Vijito vishukavyo kutoka huko vyaenda Kuywa na Malakisi, na mashamba ya Bungoma yote hunywa maji hayo. Msitu ukiangushwa juu, mwenye muwa na mwenye mahindi huku chini watalijua kabla ya mtalii kulijua.

Kwa hiyo mgeni atakayechagua upande huu asiende kama mtu aliyegundua nchi. Aende na kiongozi wa Kapsokwony au wa Chepkitale mwenyewe, amlipe waliyopatana bila kuvutana, wala asiwashe moto katika nyasi kavu. Achukue nguo nzito, kwa sababu usiku juu ya meta 3,500 maji huganda katika sufuria, na watu waliozoea joto la Bungoma hudhani wanatiwa hofu tu. Kichwa kikiuma sana na tumbo likichafuka, ashuke siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa mahali pa juu hauponi kwa ushujaa. Ukungu ukishuka alasiri, akae pale pale alipo mpaka upasuke, kwa kuwa katika nyanda zile kila mgongo hufanana na mwenzake, na waliopotea walipotea kwa kuendelea kutembea.

Kutoka Bungoma hadi Kimilili hakuna taabu ya usafiri, na kutoka Kimilili matatu hupanda mpaka Kapsokwony. Huko barabara ni ya udongo, na mvua ikinyesha gari halipandi. Atakayefika na aulize kwanza habari ya mvua, kisha habari ya njia, kisha mahali walipo ng'ombe siku hiyo. Penye ng'ombe ndipo penye watu wa kumwonyesha maji.