Kiitikio

Ruhuwiko, 7 Januari 2024
Mwalimu wa kwaya kanipa daftari lake la solfa, nyimbo zote kanakili kwa mkono. Baba mdogo anacheka: kiwanja cha ndege kiko jirani, na mwanamuziki wa Ruhuwiko anakwenda Dar kwa basi! Mama kafunga unga na maharage kana kwamba Dar hakuna soko.

Dar es Salaam, 28 Januari
Huku chuoni wanasoma noti za mistari. Mimi niliyekuwa nikipiga kinanda cha parokia Misa nzima, hapa ni kama sijui kusoma. Jioni wenzangu wanagombea kompyuta ya kutengenezea biti. Chumbani tuko wanne, kila mmoja na hedifoni zake. Joto halilali. Tangu niteremke stendi ya Mbezi sijasema neno la Kingoni na mtu.

27 Februari
Siku ya mashujaa wetu wa Majimaji, walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Bibi kapiga simu kutoka Mahenge ya kwetu Songea, pale makumbusho ya Majimaji, akainyanyua ili nisikie ngoma ya lizombe. Nikasikia filimbi, vigelegele na vumbi la makelele. Ngoma kubwa haikupita. Simu imeundwa kubeba sauti ya mtu, mlio mzito hivyo inauacha huko huko. “Umesikia, mjukuu wangu?” Nikasema nimesikia, Bibi.

8 Machi
Zamu yangu kuimba wimbo wa nyumbani. Nikaanzisha, nikanyamaza nipokelewe. Kimya. Nikaanzisha tena. Kwetu huwezi kumaliza wimbo peke yako, si kwa ufundi wala kwa mapafu. Waitikiaji ndio nusu yake. Nilitamani sakafu inimeze.

Ndipo Mhehe mmoja wa Iringa akadakia toka nyuma: “Nyie Wangoni mmetembea kutoka kwa Wazulu mpaka huku, mkakosa hata wa kuwaitikia?” Akaitikia kwa maneno ya ovyo ya Kihehe, darasa likavunjika mbavu. Babu zetu walipigana tangu 1878, sisi tumerithi matusi ya utani. Nikamjibu kwamba hivyo ndivyo babu zake walivyoimba wakitukimbia. Mwalimu akasema rudieni. Tukarudia mpaka kipindi kikaisha, na safu nzima ya nyuma ikiitikia.

Sasa mtani anadai chipsi mayai kwa kazi hiyo. Nimemwambia faini ni yake: kila mara aliingia nusu pigo mapema.