Nyimbo za ujana wetu na pishi ya Madina

Kila rika lina nyimbo zake. Wazee wetu hapa Mazinde wakiisikia sauti ya marehemu Bi Shakila Said, aliyeimba na Black Star na Lucky Star za Tanga, hukatisha mazungumzo na kusikiliza hadi mwisho. Sisi tulio katika miaka ya thelathini tunazo zetu: "Ndio Mzee" ya Professor Jay, "Zeze" ya TID, "Starehe" ya Ferooz, "Fagilia" ya Mr. Nice, na kwa watu wa mkoa huu, juu ya zote, "Tanga Kunani" ya Wagosi wa Kaya. Ukimwimbia mwenzetu mstari wa kwanza, atakumalizia ubeti mzima, hata kama ni mtu mzima mwenye watoto wanne na kanzu mwilini.

Ndugu msomaji, hatuandiki haya ili kuwasifu wasanii wala kuwalaani. Tunaandika kwa sababu nyimbo hizi zilifika mbele ya kamati ya msikiti, na baadhi yetu tukajikuta tumekaa pande zote mbili za meza: ni wajumbe wa kamati, na ni watu wa rika lile lile lililokuwa likijadiliwa.

Tulizisikia nyimbo hizo tungali watoto. Zilitoka katika redio ya betri iliyowekwa barazani, katika kanda tulizozirudisha nyuma kwa kalamu ili tusimalize betri, na katika mabasi yaendayo Arusha yaliyopunguza mwendo barabarani. Jioni zile zile tulikuwa tukienda madrasa, juzuu kwapani. Sauti mbili ziliingia vifuani mwetu kwa wakati mmoja: ya maalim akitusomesha Juzuu Amma na ya redio ya jirani. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wanasema kuwa yale tuyapatayo katika umri wa kubaleghe na ujana ndiyo yanayodumu kuliko mengine. Hapana shaka ndivyo ilivyo, kwani nyimbo za mwaka jana tumekwisha kuzisahau.

Wagosi wa Kaya walituingia zaidi kwa sababu walikuwa wa kwetu. Jina lao lenyewe, wanaume wa nyumbani, ni la lugha zetu za huku, na lafudhi yao ilikuwa ile ya baba zetu. Watoto wa Tanga tuliozoea kuchekwa kwa namna tunavyosema, tulisikia usemi huo ukitoka katika redio za taifa zima. Katika "Wauguzi" walizungumzia namna wagonjwa wanavyopokewa hospitalini. Katika "Tanga Kunani" waliuliza swali ambalo watu wazima walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini.

Swali lile lilikuwa na mashiko. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea katika bonde hili la chini ya milima ya Usambara. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo ilifika Mombo, jirani yetu, mwaka 1905. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakabadilisha wenyewe, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa chini ya tani 30,000. Nyuma ya tarakimu hizo kuna baba zetu waliorudi nyumbani bila kazi, na kaka zetu waliopanda basi kwenda Dar es Salaam na kubaki huko. Kwa hiyo mtu wa rika letu anapoutafuta wimbo ule katika simu usiku, akiwa katika chumba cha kupanga Mbagala au Tandika, hatafuti muziki peke yake. Anaitafuta baraza ya kwao na waliokuwa wakikaa pale.

Rika letu lina kundi la WhatsApp, na kazi yake kubwa ni kutumiana nyimbo hizo. Kabla ya Idi el-Fitri kundi likakubaliana kwamba walio mbali warudi Mazinde, na Idi pili kuwe na mkusanyiko katika kiwanja cha mpira, zipigwe nyimbo za zamani tupu. Katika wiki chache zikachangwa fedha za spika, chakula na fulana. Wakati huo huo, katika daftari la mchango wa bati za madrasa lililo mikononi mwetu, majina mengi yalikuwa ya wazee na kina mama wajane, waliotoa elfu moja moja. Jina la mtu wa rika letu lilikuwa la kutafuta kwa kidole.

Baadhi ya wazee wa kamati walitaka mkusanyiko ule ukemewe juu ya mimbari. Hoja yao si ya kubeza. Wapo maulamaa wengi, wa tangu zama za masahaba, waliozifasiri aya za mwanzo za Suratu Luqman kuwa zinakataza nyimbo na ala zake. Wengine kati yetu tukakumbusha mwisho wa Suratush-Shu'araa, ambapo Allah (s.w.) anawalaumu washairi, kisha anawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka sana na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Hitilafu hiyo ni ya wanazuoni, na kamati ya msikiti wa kijijini haikuwa na uwezo wa kuimaliza kwa kikao kimoja.

Kilichotusogeza mbele ni Hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Bi Aisha (r.a.). Masahaba walipohamia Madina, Abubakar na Bilali (r.a.) waliugua homa. Kila homa ilipompungua, Bilali alipaza sauti kwa beti za shairi, akiyatamani majani ya bonde la Makka, maji yake na milima yake. Bi Aisha akamweleza Mtume (s.a.w.). Katika simulizi hiyo Mtume hakumkemea Bilali kwa kuikumbuka Makka. Alimwomba Allah awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aifanye yenye afya, aibariki pishi yake na kibaba chake, na aihamishie homa yake Juhfa.

Tuitazame dua hiyo vizuri. Shauku ya Bilali ilikuwa ya mahali alipopaacha. Jibu likawa kuombea mahali walipo: afya ya watu wake na vipimo vya soko lake. Kumbukumbu haikuzimwa, ila ilipewa kazi.

Kwa msingi huo tuliwaandikia wenzetu barua badala ya kuwapandishia mimbari. Tuliwaomba mambo manne: nyimbo zenye maneno machafu ziachwe, wanawake watengewe upande wao, vyombo vizimwe kabla ya adhana ya alasiri na visiwashwe tena, na spika zipunguzwe ili fedha itakayobaki iende kwenye bati. Walijibishana siku tatu. Wapo waliosema kamati imewaingilia, na wapo waliojitoa katika kundi. Wengi walikubali.

Bati zilizopatikana zimetosha upande mmoja wa paa. Mvua ikinyesha, watoto husogea wote upande huo na maalim huendelea kusomesha. Mzee mmoja wa kamati hakuridhika hadi leo. Anasema msikiti haukupaswa kupokea kilichobaki katika shughuli ya muziki. Tunamheshimu, na tumeliandika neno lake katika kumbukumbu za kikao kama alivyolisema.

Wenzetu wa rika, "Tanga Kunani" ilipotoka sisi tulikuwa watoto, na walioulizwa walikuwa watu wazima wa wakati ule. Imepita miaka ishirini na zaidi. Watu wazima sasa ni sisi: ndio wenye kura, mishahara, biashara na viti katika kamati. Watoto walioko madrasa leo wakiuliza mji wao una nini, hawatamwuliza msanii. Upande wa pili wa paa bado unavuja, na daftari liko wazi kila wiki baada ya sala ya Ijumaa.

Ewe Mola, tupendezeshe miji yetu, waponye wagonjwa wake, na utubarikie pishi zetu na vibaba vyetu. Amin.