Mtu Aliyekuwa Akitufuata

Kwa miaka 12 nilisimulia kisa kimoja kwa namna ileile. Nilikisimulia misibani, kwenye mabasi ya usiku, hata kwa mke wangu tulipokuwa bado wachumba. Kwamba mwaka 1999, katika mapori ya Sikonge, mkoani Tabora, sisi vibarua watano tuliokuwa tukikusanya sampuli za udongo kwa watafutaji wa madini tulinyatiwa na majangili siku mbili mfululizo, na siku ya tatu tukapambana nao tukawashinda. Watu walikipenda. Nilikirudia mpaka nikawa namwona kabisa yule jangili na bunduki yake.

Hapakuwa na jangili. Hapakuwa na bunduki.

Kilichonifungua mdomo ni riwaya. Mwaka 2011 nilikuwa nikipita Posta, Dar es Salaam, pale wauza vitabu vya mtumba wanapotandaza vitabu pembeni ya barabara, nikaona kimoja kimeandikwa Deliverance. Kanisani kwetu neno hilo tunalijua kwa maana ya kufunguliwa, kutolewa kifungoni. Nikadhani ni kitabu cha mahubiri, nikalipa bila hata kufunua ndani.

Kumbe ni hadithi ya watu wanaowindwa msituni. Aliyeiandika ni James Dickey, mshairi wa Marekani mzaliwa wa Atlanta. Ndiyo iliyokuwa riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1970, na miaka miwili baadaye John Boorman akaitengenezea filamu ambayo Dickey mwenyewe aliigiza kama sherifu. Wanaume wanne wa mjini wanaingia na mitumbwi miwili kwenye mto wa milimani, kaskazini mwa Georgia, wauone kwa mara ya mwisho kabla bwawa la umeme halijafunika bonde zima. Siku ya pili wawili kati yao wanakutana na watu wawili wa milimani, mmoja ana bunduki, na kinachofuata ni unyama ambao sitausimulia hapa. Mmoja wa wale washambuliaji anauawa kwa mshale. Mwingine anakimbia. Kuanzia hapo kila jiwe juu ya mto lina macho.

Mimi nimekulia kwenye riwaya za kusisimua. Nilikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa kabla sijawa na ndevu, na bado nawapenda. Ila huko adui anajulikana. Ukimaliza kitabu unalala vizuri, kwa sababu aliyepigwa alistahili. Dickey alininyima usingizi huo. Msimulizi, anayeitwa Ed, anapanda genge refu usiku kwa mwanga wa mwezi, anajificha juu ya mti na upinde wake, na asubuhi anamuua mtu mwenye bunduki. Halafu anamkaribia yule maiti, anatazama meno yake, maana mshambuliaji aliyekimbia alikuwa kibogoyo mbele. Huyu ana meno ya bandia. Anaweza kuwa ndiye. Anaweza kuwa mwindaji wa kawaida aliyejipitia tu. Ed hapati kujua hata siku moja. Anamfunga mawe, anamzamisha mtoni, na wenzake wanakubaliana maneno ya kumwambia sherifu.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikatoka nje. Ilikuwa saa nane za usiku. Mke wangu alinikuta nimekaa kwenye ngazi, akauliza, "Baba Neema, unaumwa?" Nikamwambia ukweli usiku uleule, akiwa wa kwanza kuusikia.

Ukweli ni huu. Usiku wa kwanza tulisikia hatua. Usiku wa pili tukazisikia tena, na kikohozi. Enzi hizo hadithi za majangili wenye SMG zilikuwa mdomoni mwa kila mtu aliyeingia pori lile, na sisi hatukuwa na silaha zaidi ya mapanga na sururu. Hatukulala. Mtu asiyelala siku mbili, huku ndorobo wakimng'ata kutwa nzima, akili yake si yake. Siku ya tatu jioni tukaona mtu anakuja kwenye njia yetu, panga mkononi, akisukuma baiskeli. Tukajificha nyuma ya kichuguu. Aliyempiga wa kwanza sikuwa mimi. Wa pili nilikuwa mimi, kwa mpini wa sururu. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, nikausikia unavunjika.

Kwenye baiskeli palikuwa na ndoo ya masega imefunikwa jani, kienge cha kufukizia nyuki, na kibali cha kurina asali kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mkubwa wetu alikisoma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tumevamiwa na majangili, tumejitetea. Sawa?" Tukasema sawa, wote. Tukamwekea yule mtu chupa ya maji chini ya mti. Baiskeli, kwa kuwa ndiyo ingetoa siri, tuliisukumia mtoni, kwenye kina. Ilikuwa Phoenix nyeusi, kiti chake kimevishwa ngozi ya mbuzi. Nakumbuka gurudumu la nyuma lilivyoendelea kuzunguka lilipokuwa likizama. Mwisho wa mwezi tulilipwa posho ya hatari. Niliichukua.

Sasa unaelewa kwa nini yale mawe ya Dickey yalinipata.

Kitabu hicho kina dosari, na niliiona kwa sababu ni dosari yangu. Wenyeji wengi wa milima ile ndani yake ni vivuli vya kutisha. Filamu, iliyopigwa kwenye mto Chattooga, ilizidisha, na watu wa kaskazini mwa Georgia wamelalamika kwa miaka mingi kwamba dunia iliwachukulia kuwa washenzi kwa ajili yake. Wana haki. Mimi nilikaa porini siku 20, kwenye nchi ya watu wanaoishi kwa asali tangu enzi za mababu, na haikunijia kwamba hatua za usiku zinaweza kuwa za mtu mwenye shughuli zake.

Julai 2012 nilikwenda Sikonge kumtafuta yule mtu wa baiskeli. Kumpata hakukuchukua hata siku moja. Mrina asali aliyevunjwa mkono na "majangili" kila mtu alimjua. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, akisuka kamba kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia tu. Kiwiko kilikuwa kimepinda. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikaeleza. Alinisikiliza bila kuacha kamba.

"Nilijua hamkuwa majangili," alisema. "Jangili hachukui udongo."

Nikamuuliza kwa nini alikuwa akitufuata. Akaniangalia kwa muda mrefu.

"Kambi yenu ya kwanza mliacha moto unawaka chini ya mninga. Nilikuwa na mizinga zaidi ya thelathini upande ule. Niliuzima. Nikawafuata niwaambie, mwanangu, huku moto hauachwi. Usiku nilikuwa nalala mbali kidogo, niliogopa kuwashtua."

Nilimwambia niko tayari twende polisi nikaandikishe maelezo. "Polisi watanirudishia mkono?" Alitaka baiskeli. Nilimnunulia. Nilimpelekea pia mizinga kumi ya mbao, ile inayoning'inizwa kwa waya usawa wa kifua, kwa sababu mizinga ya magome hutundikwa juu mitini na yeye hajapanda mti tangu siku ile. Sisemi nimelipa. Mrina asali asiyepanda mti kwa miaka 13, hiyo ni hesabu isiyo na jibu mfukoni mwangu. Ninachosema ni kwamba kile kisa cha majangili sijakisimulia tena, na kila mtu niliyewahi kumsimulia ambaye nilijua anapopatikana, nimemfuata nikamwambia vingine.

Tulikuwa watano. Mkubwa wetu amefariki. Nyinyi watatu mnajijua, na mmoja wenu alikuwa akinitumia salamu kila Krismasi mpaka nilipowaambia nimekwenda kwa mzee. Mzee yupo bado. Alipouliza tulikuwa wangapi nilimwambia, majina sikuyataja, hayo ni yenu kuyapeleka. Kutoka Tabora mjini hadi Sikonge siku hizi ni lami.