Kuvuka Bonde la Kerio kwa Baisikeli na kwa Miguu

Mtu asimamapo kwenye ukingo wa Iten asubuhi ya mwezi wa Januari, huona ng'ambo ya Bonde la Kerio milima ya Tugen imejilaza kama mgongo wa ng'ombe, na mji wa Kabarnet uko juu ya mgongo huo. Hewa ikiwa safi hudhani ni mwendo wa kabla ya chakula cha mchana. Mimi nami nilidhani hivyo mara ya kwanza, na dhana hiyo nusura imwue rafiki yangu.

Rafiki huyo ni mwalimu, amenizidi umri kwa miaka kumi na zaidi, na baisikeli yake ni ile nyeusi ya chuma ambayo wengi wetu tunaijua. Siku ile tulitoka Iten saa nne ya asubuhi, maana tulikuwa tumekawia kunywa chai na kuwatazama wanariadha wakipita makundi kwa makundi. Mpango wetu ulikuwa karatasi moja yenye maneno mawili: Iten, Kabarnet. Kabla hatujafika Tambach breki za Mwalimu zilianza kunuka. Tulipotazama, mipira yake ilikuwa imekwisha, na chuma kilikuwa kinasaga gurudumu. Hatukuwa na mipira mingine. Tukashuka tukizisukuma baisikeli, Mwalimu akiizuia yake kwa mikono na kisigino, hata tukafika chini saa nane, jua likiwaka, na chupa zetu za maji zikiwa tupu.

Karibu na Chebloch Mwalimu aliacha kutoka jasho. Akaanza kusema maneno yasiyofuatana, akaniita kwa jina la mwanafunzi wake wa zamani. Nilimlaza chini ya mgunga nikamwaga juu ya kichwa chake maji niliyopewa na mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe kando ya barabara. Lori la maembe ndilo lililotupeleka Kabarnet, sisi na baisikeli zetu, juu ya magunia. Dereva alikataa fedha.

Mwaka uliofuata Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema, "Kijana wangu, tutarudi, lakini safari hii tutapiga hesabu kwanza." Basi tukakaa mezani jioni tatu.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya kwenda juu na chini. Kwa kunguru arukaye, toka Iten hata Kabarnet ni kilometa zaidi ya 30 kidogo. Kwa barabara zapita 50. Lakini kilometa hazisemi kweli yote. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari, daraja la Chebloch liko kama mita 1,200, na Kabarnet kama mita 2,000. Kwa hiyo msafiri hushuka mita 1,200, kisha hupanda 800, na mahali pa joto kuliko pote ni pale katikati, ambapo hana budi kupita. Kwa kawaida kila upandapo mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo anayetoka Iten amevaa sweta hukuta nchi nyingine kabisa huko chini, na mwili wake haujapata nafasi ya kuizoea.

Hesabu ya pili ilikuwa ya saa, nayo ndiyo iliyobadili kila kitu. Tulikubaliana kwamba toka Chebloch hata Kabarnet, mwendo wa kama kilometa 20, tutauhesabu kuwa ni safari ya miguu wala si ya baisikeli. Mtu anayesukuma baisikeli yenye mzigo mlimani akienda kilometa 4 kwa saa amefanya vema. Hizo ni saa tano, bila kupumzika. Basi tukahesabu kinyumenyume: tufike Kabarnet kabla ya saa kumi na moja, tuwe Chebloch saa tatu, tutoke Iten mara kunapopambazuka. Kijana mmoja alitucheka kwa kuhesabu kutembea hali tuna magurudumu. Mwalimu hakumjibu.

Wako watakaouliza kwa nini tusianze upande wa Kabarnet. Anayefanya hivyo hupanda mita 1,200 za ukuta wa Elgeyo mwisho wa siku, akiwa amechoka. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti, alipita upande huo: alitoka Baringo, akavuka milima hii ambayo siku zile iliitwa Kamasia, akauvuka mto Kerio, akaupanda ule ukuta, akaenda hata Ziwa Victoria. Wapagazi wake, wengi wao watu wa pwani, walichukua mizigo yote kichwani. Sisi hatukuona haya kuchagua upande ulio rahisi.

Majira nayo yana neno. Tangu Machi hata Mei mvua ni kubwa, na mawe huweza kuporomoka barabarani chini ya ukuta. Aprili 2020 maporomoko ya udongo yaliua watu Chesegon, kaskazini mwa hapa. Usalama pia sharti uulizwe, tena siku ile ile ya kuondoka. Sehemu za kaskazini za bonde zimeteswa na wizi wa mifugo miaka mingi, hata Februari 2023 Serikali ikapeleka jeshi kuwasaidia polisi. Barabara yetu iko kusini mwa sehemu zile, lakini mwenye busara huwauliza wenyeji na madereva kabla ya kutia mguu. Na karibu na barabara iko hifadhi ya Rimoi, yenye tembo. Tembo hawasomi vibao vya mpaka, kwa hiyo kupita bondeni usiku ni upumbavu.

Mizigo tuliipunguza sana: maji lita nne kila mtu, chumvi na sukari, viazi vitamu vya kuchemsha, tyubu moja, viraka, pampu, na mipira ya breki jozi mbili. Mwalimu alitaka kuchukua kitabu. Nilikiondoa mfukoni mwake alipokuwa msalani.

Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu. Tuliposhuka tulisimama kila baada ya kilometa mbili au tatu, tukigusa vyuma vya magurudumu kwa kidole, vikiunguza, tulingoja. Tambach mzee mmoja alituuliza tuendako. Tulipomwambia, alitazama jua kwanza, kisha miguu yetu, akasema, "Wanangu, mmewahi." Chebloch tulifika saa tatu na dakika kumi. Mto ulikuwa unapita chini kabisa katika ufa mwembamba wa mwamba, na vijana walikuwa wakijirusha majini toka juu. Yule mama wa maembe hakuwapo, nasi tulikuwa tumemletea kilo ya sukari. Tukaiacha kwa mwenziwe.

Mlima wa Tugen tuliupanda kwa miguu karibu wote. Saa sita tulilala kivulini mpaka saa saba na nusu, kama tulivyoandika. Saa kumi na nusu tuliingia Kabarnet, Mwalimu akitoka jasho kama mtu mwenye afya.

Kesho yake tuliziacha baisikeli kwa mwenyeji wetu, tukatembea njia ya mgongoni iendayo Kabartonjo. Upande wa kushoto tuliuona ukuta wa Elgeyo tulikotoka. Upande wa kulia, chini sana, Ziwa Baringo, na nyuma yake milima ya Laikipia. Mwalimu aliitazama milima ile kwa muda mrefu, kisha akaniomba kalamu.