Kofia ya Pikipiki Nayo Huoshwa

Huku kwetu Ndandalo, kama mahali pengine pengi pa Kyela, pikipiki ndiyo miguu yetu. Hubeba mpunga, kakao, mafuta ya mawese, wagonjwa, wanafunzi, hata maharusi. Vijana huziosha kila asubuhi mpaka zang'aa na kuumiza macho. Lakini kofia? Kofia huning'inizwa kwenye usukani, hunyeshewa mvua, hupigwa vumbi, huvaliwa na vichwa kumi kwa siku, na tangu iliponunuliwa haijaonja sabuni.

Nasema juu ya ndani ya kofia, wala si nje. Nje kila mtu huona, na kitambaa chenye maji chatosha. Ndani ndimo mwenye shida. Jasho, mafuta ya nywele na vumbi la barabara hukutana humo na kuchacha pamoja. Tena nchi yetu ni ya bondeni, kando ya Ziwa Nyasa, yenye joto na mvua nyingi. Kitu cha kitambaa kikikaa na unyevu siku tatu pasipo hewa, hakikosi kuota ukungu. Asiyesadiki na anuse.

Masika moja mama jirani yetu, muuza mchele, alipanda pikipiki hapa kijiweni aende sokoni Kyela mjini. Dereva akampa kofia kama sheria itakavyo. Mama akaisogeza puani, akairudisha upesi. “Mwanangu, humu alifia panya?” Watu wakacheka, naye akajifunga kanga yake kichwani, wakaondoka. Mbele kidogo ng'ombe akakatiza barabara. Dereva, aliyekuwa amevaa kofia yake, alichubuka mkono tu. Mama alipigiza kichwa kwenye lami. Alilala hospitali majuma matatu. Hata leo ukimwita kwa jina hukawia kuitika, na hesabu za debe na kilo alizokuwa akizifanya kichwani haraka kuliko mimi niliyesomea ualimu, sasa binti yake humfanyia.

Tangu siku ile nimewauliza watu wengi kwa nini hawavai kofia ya abiria, maana ukarani wa parokia hunikutanisha na watu wa kila kigango. Nilidhani watasema joto, au misuko kuharibika, na kweli wako waliosema hivyo. Lakini wengi, na hasa akina mama, walisema neno moja: inanuka. Wengine waliongeza chawa, mapunye na kifua kikuu.

Hapa yafaa tutenganishe hofu na ukweli. Kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa akikohoa karibu na watu. Hakikai kwenye kitambaa cha kofia kikikungoja. Chawa wa kichwa aweza kuhama, lakini akiwa mbali na kichwa cha mtu hufa kwa siku moja au mbili. Mapunye ndiyo ya kuangalia zaidi, hasa kwa watoto, kwa sababu kuvu wake hukaa muda mrefu katika vitana, mito na kofia. Basi watu hawaogopi bure kabisa, na kuwakemea si dawa. Askari wa barabarani aweza kumlazimisha abiria kuvaa kofia, lakini hawezi kumziba pua.

Nieleze kidogo kofia hii ilivyo, maana asiyeijua huiosha vibaya. Mwaka 1935 Mwingereza mashuhuri T. E. Lawrence alianguka na pikipiki, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns aliendelea kuwachunguza askari wapanda pikipiki walioumia kichwa, akachapisha maandiko yake mwaka 1941, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae kofia kila waendeshapo. Baadaye, mwaka 1953, Wamarekani wawili, Roth na Lombard, walipewa hati ya uvumbuzi wa kofia yenye tabaka la ndani linalobonyea. Hilo ndilo tutumialo mpaka leo. Ganda la nje huzuia kitu kisichome na husambaza pigo, lakini linalomeza pigo ni lile povu gumu jeupe lililo chini ya kitambaa, ndugu wa lile linalofungia televisheni ndani ya boksi. Kichwa kikigonga, povu hupondeka badala ya ubongo. Likishapondeka halirudi tena, kwa hiyo kofia iliyokwisha kuanguka na mtu haifai, ijapokuwa nje yang'aa. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi wamekuta ya kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa kadiri ya asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Sasa wako vijana wanaosafisha ndani ya kofia kwa petroli. Husema yakata mafuta na kuua harufu. Ni kweli harufu ya jasho hufa, lakini na povu hufa pamoja nayo. Nilipowaambia hivyo hapa kijiweni walibisha sana. “Mwalimu, petroli twaoshea mikono kila siku, mbona haijatula?” Basi nikaenda dukani nikaomba kipande cha povu la televisheni, nikakiweka juu ya jiwe chini ya mwembe, nikadondoshea petroli kidogo. Kikanywea mbele ya macho yao kama sukari ndani ya chai, kikabaki kitu kama kamasi. Hawakucheka. Kijana mmoja aliitazama kofia yake, akauliza kwa sauti ndogo kama mafuta ya taa nayo hufanya hivyo. Mafuta ya taa si rafiki wa povu hilo, wala tina ya rangi. Hata jiki si nzuri: haiyeyushi povu, lakini hudhoofisha kitambaa na mkanda wa kidevu. Na tusikaushe kofia juu ya jiko wala juu ya bomba la moshi la pikipiki, kwani povu halipatani na moto.

Maji na sabuni vyatosha. Kwanza tazama kama kitambaa cha ndani chatoka. Katika kofia nzuri hushikwa na vifungo vya kubana. Kivute polepole pembeni, ukiangalia kila kifungo kilikotoka, maana kukirudisha kuna ubishi wake. Kitie katika beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ya kuogea watoto au ya nywele. Ikiwa iliyopo nyumbani ni ya mche tu, tia kidogo. Kibonyeze kwa viganja, ukiachie, ukibonyeze tena, wala usikinyonge kama dekio. Maji ya kwanza yatakuwa meusi kama chai ya rangi. Mwaga, tia mengine, mpaka yatoke safi. Kisha kizungushie taulo kavu, ukikandamize, ukianike kivulini penye upepo.

Lakini kofia nyingi za huku kitambaa chake kimegandishwa kwa gundi, na hizo usizitumbukize majini. Maji yakiingia kati ya sifongo na povu hayatoki upesi, na baada ya siku mbili harufu itakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Koroga sabuni katika maji mpaka ufanye mapovu, uchukue mapovu hayo kwa kitambaa, usugue taratibu, hasa penye paji la uso na mashavu. Kisha futa kwa kitambaa chenye maji safi mara tatu au nne. Usione uvivu hapo, maana sabuni inayobaki huwasha ngozi, na siku ya mvua humtiririkia dereva machoni. Mwisho jaza ndani magazeti makuukuu (yawe yamekwisha kusomwa na watu wote wa nyumbani!), uyabadilishe yakilowa, uilaze kofia juu ya fito mbili ili hewa ipite. Kiangazi itakauka kwa usiku mmoja. Mwezi wa Aprili mvua zikikazana, usiku mmoja hautoshi, na kuivaa mbichi ni kurudisha ukungu.

Kuosha huku kuna faida nyingine ambayo sikuitazamia. Mkono ukiingia ndani hujua kilichomo. Siku ya kwanza tulipoosha kofia za kijiwe chetu, tulikuta mbili zisizo na povu jeupe kabisa. Ni ganda la plastiki na sifongo laini, basi, kama ndoo iliyotandikwa nguo. Wenyewe walizinunua kwa fedha zao halali, wakazivaa wakidhani wamelindwa. Moja ilitupwa. Ya pili alipewa bibi mmoja wa jirani, na sasa kuku wake huatamia humo.

Abiria nao wana sehemu yao. Mama mwenye kusafiri mara nyingi na abebe kitambaa chake chembamba cha pamba, akivae chini ya kofia. Kitambaa hicho hufuliwa kila siku bila taabu, na mapunye ya mwingine hayamfikii kwa urahisi. Kilemba kikubwa cha sherehe hakifai, kwa sababu huifanya kofia ikae juu juu, na mkanda wa kidevu haufungiki. Heri kilemba kiingie mkobani mpaka mwisho wa safari.

Hapa kijiweni sasa wamenunua beseni moja la wote. Kila Jumamosi jioni kofia za abiria huoshwa, na kila dereva hutoa fedha kidogo ya sabuni. Wakati wa masika huosha mara mbili kwa juma, ikiwa jua litatokea. Kutoa fedha hawakatai. Ugomvi uliobaki ni nani ateke maji.