Bwawa la Sultani na kiwanja chetu cha basketi

Haya msomaji wangu, wiki hii nawatoa Dar kidogo. Kisa chenyewe ni kiwanja chetu cha basketi kule mtaani. Mzee mwenye eneo alituachia tucheze bure miaka nenda rudi. Alipofariki mwaka jana, mwanawe akazungusha ukuta, tukabaki na mpira mkononi. Nikaaga washikaji kwamba naenda Kilwa kupunguza mawazo. Wakacheka: "Kilwa? Kule hata ukumbi wa michezo hakuna!"

Basi bwana, siku hizi safari si kazi. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, Rufiji unaivuka huku umesinzia. Pale Kilwa Masoko nikachukua kibali, nikapanda mashua kwenda Kisiwani.

"Unaanza na msikiti au ikulu?" mzee wa mashua akaniuliza.

"Ikulu, babu."

"Twende, mjukuu wangu. Ila jua la kule halina huruma."

Ikulu hiyo ni Husuni Kubwa. Iko nje kidogo ya mji wa kale, juu ya genge, bahari ikipiga chini. Aliijenga Sultani al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, enzi hizo dhahabu ya Sofala inapita Kilwa na pesa ipo. Vyumba zaidi ya 100, mawe ya matumbawe na chokaa.

Sasa sikia. Ndani kuna bwawa la kuogelea la pembe nane! Wakati sisi wa mjini tunalipa kiingilio hotelini tukaloweshe miguu, mwenzetu alikuwa nalo nyumbani karibu miaka 700 iliyopita. Nikatazama huku na huku, mto hakuna. Nikajiuliza migongo ya nani ilibeba yale maji.

Jirani yake kuna ua ulioteremka, pembeni una ngazi pana za mawe. Neville Chittick, aliyefukua magofu haya miaka ya 1960, aliona kuwa hapo ndipo Sultani alipokutana na watu. Mimi mcheza basketi niliona jukwaa tu. Nikakaa, nikahesabu mashabiki wangetosha wangapi.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu Sultani huyu kwa ukarimu. Anasimulia kwamba fukara mmoja alimwomba nguo alizovaa, akavua akampa. Alipokufa, akatawala ndugu yake Daud, mkono wa birika. Mwombaji akija, anaambiwa aliyekuwa akitoa ameshakufa.

Hapo nikanyamaza. Nikamkumbuka mzee wetu na ule ukuta.

Ikulu yenyewe haikumalizika, na haikukaliwa muda mrefu. Leo paa hakuna, ni mizizi na mijusi.

Kurudi tukapitia kijijini. Vijana wanapiga chandimu, magoli ya miti, vumbi mpaka puani. Nikamuuliza babu kiwanja ni cha nani.

"Cha kijiji," akasema. "Nani atawafukuza?"

Wakaniita, nikaingia beki. Tulifungwa tatu, lakini nilirudi Dar nimechangamka. Jumatatu nakwenda na wenzangu ofisi ya serikali ya mtaa kuomba eneo. Safari hii tunataka karatasi yenye mhuri, hisani ya mtu mmoja tumeshaona mwisho wake.

Tukipata, nitawaambieni. Tukikosa pia nitasema. Wiki njema!